Mahali pa Kulaza Lori

“Mama Ratemo, hiyo lori yenu italala wapi mwezi ukianza?”

Aliyeuliza ni Tecla, jirani yao wa ukuta mmoja pale Sotik, mama wa Kikipsigis aliyekuwa akiuza maziwa. Alikuwa ameketi mlangoni pake akisugua kibuyu kwa ndani, na hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ametoka sokoni, akakuta watu wamejazana mbele ya ofisi ya serikali, karatasi imebandikwa ukutani, na mmoja aliyejua kusoma anawasomea wengine.

Nyambeki alikuwa anapepeta wimbi. “Italala hapo inapolala siku zote,” akasema.

“Hapo barabarani? Karatasi imekataa.”

“Karatasi gani tena?”

“Ya ofisi. Inasema lori ya Mwafrika isilale nje. Lazima iingie nyumba yenye paa, na mlango, na kufuli. Kwa sababu ya mambo ya Hali ya Hatari, ati watu wa msituni wasije wakaiba wakapanda. Wewe ushaona mtu wa msituni hapa Sotik?”

“Mimi nimeona karatasi tu,” Nyambeki alisema, akaendelea kupepeta. Lakini mikono yake ilikuwa imepoteza mwendo, na wimbi nyingine ilianguka chini, kuku wakaiwahi.

Huo ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na saba. Momanyi, mume wa Nyambeki, alirudi jioni ile akiwa tayari ameisoma karatasi mwenyewe, mara mbili. Aliegesha lori mbele ya nyumba kama kawaida. Ilikuwa lori ya kijani, si mpya, mbao za pembeni zimefungwa kwa waya, na mlangoni aliandikisha kwa rangi nyeupe MOMANYI, SOTIK. Ilibeba mahindi, mkaa, mabati, magodoro ya watu wanaohama, chochote.

“Wanataka barua,” alimwambia mkewe akivua viatu. “Mwenye ploti aandike kwamba lori inalala kwake, ndani, imefungwa. Niipeleke ofisini kabla ya tarehe moja. Bila barua hawapigi muhuri leseni ya mizigo.”

“Na bila leseni?”

“Bila leseni ni chuma tu hiyo, mama.”

Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Kila mwezi shilingi mia mbili zilikwenda kwa Mhindi wa Kericho aliyewauzia lori, na mwezi mmoja tu ukipita bila malipo angekuja kuichukua. Baada ya petroli na mia mbili hizo, mwezi mzuri uliwaachia shilingi sitini. Katika sitini hizo walikula watu sita, na Ratemo alisoma.

* * *

Siku nne Momanyi alitafuta. Kwanza alikwenda kwa Harji, mwenye duka kubwa la nguo, ambaye nyuma ya duka alikuwa na stoo ya mawe yenye mlango wa chuma. Harji alimsikiliza huku anapima kitambaa cha mteja mwingine.

“Hamsini kwa mwezi,” alisema. “Na miezi mitatu mbele.”

“Bwana Harji, mia na hamsini mimi nitoe wapi?”

“Mimi sijauliza unatoa wapi. Mimi nasema bei.” Akamgeukia mteja. “Yadi tatu ama nne, mama?”

Momanyi alisimama pale mpaka kitambaa kikakatwa na kukunjwa. Alidhani Harji angerudi kwenye maneno yao. Hakurudi.

Alikwenda mashamba ya majani chai, kwenye gereji ya kampuni moja, ambako magari ya kubeba majani yalipangwa kwa mstari chini ya mabati marefu, na nafasi mbili zilikuwa wazi kabisa, anaziona kwa macho yake. Mlinzi hakumruhusu kupita geti. Karani alikuja mpaka getini, akamwambia kwa upole kwamba nafasi hizo ni za magari ya kampuni ambayo hayajanunuliwa bado.

“Kwa hivyo zinangoja magari ambayo hayako?”

“Ndiyo.”

“Na yangu iko.”

“Pole, mzee,” karani alisema, ingawa walikuwa rika moja.

Kwenye pampu ya petroli walimtajia ishirini na tano, bei ambayo angeiweza kwa kujibana, lakini banda lao lilikuwa nguzo nne na paa tu. Akauliza kama angeweza kutia mlango kwa gharama yake. Wakamwambia basi atie na kuta. Watu waliokuwa wanajaza baiskeli upepo walicheka, naye akacheka nao kidogo, akaondoka.

Siku ya nne Tecla ndiye aliyesema tena, akimwambia Nyambeki juu ya ua. “Wanjuhi si ana banda la mume wake? Tangu Joram achukuliwe na lori yake iuzwe, liko tupu. Wanalala popo tu.”

Nyambeki alimjua Wanjuhi kwa macho tu, kama kila mtu. Alikuwa mama wa Kikuyu, mwenye ploti ya kona karibu na kisima, aliyenunua viazi kutoka kwa wakulima na kuviuza sokoni. Mumewe Joram alikuwa kizuizini mwaka wa tatu sasa. Watu walinunua viazi vyake lakini hawakukaa kwake kuongea.

* * *

Wanjuhi alifungua banda mwenyewe. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, mapande mawili, na kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi. Ndani kulinuka oili ya zamani na gunia. Sakafuni kulikuwa na madoa meusi ya lori ya Joram, na nyuma magunia ya viazi yalipangwa mpaka juu.

“Paa halivuji,” alisema. “Mlango huu hata ng’ombe dume hauvunji. Thelathini.”

“Mama Wacera,” Momanyi alisema, maana binti mkubwa wa Wanjuhi aliitwa Wacera, “mimi ni mtu wa kumi.”

“Kumi ni ya kulaza baiskeli.”

“Magunia yako yamechukua robo ya nafasi. Nitoe hiyo robo.”

“Magunia yanakulindia lori. Ukiisukuma nyuma sana itagonga kitu laini.” Hakutabasamu aliposema hivyo, ila Momanyi aliona kwamba huyu mama anajua kuzungumza bei, akaketi juu ya gunia moja bila kukaribishwa.

“Mimi nina watoto wanne, mama.”

“Mimi watatu, na baba yao analala kwa serikali. Kila mwezi ofisi inataka shilingi ishirini za ploti. Nikikosa, wanaichukua, na wangefurahi.” Akafunga kidogo pande moja la mlango ili watu wa kisimani wasisikie. “Sikiza, Baba Ratemo. Mimi shida yangu si thelathini. Shida yangu ni Jumamosi.”

“Jumamosi ina nini?”

“Soko la Chepilat. Huko viazi vinapata mara mbili ya hapa. Zamani Joram alipeleka. Sasa nina magunia na sina gari, na wenye magari wananikataa ama wanataka pesa yote ya soko. Nipe lori yako Jumamosi, kwenda na kurudi. Petroli yangu, dereva namlipa mimi, yule Joab wa Fort Ternan. Ukinipa Jumamosi, banda nakupa kwa kumi na mbili.”

Momanyi alisimama. “Jumamosi haiwezekani. Sisi ni Wasabato. Jumamosi sifanyi kazi.”

“Nani amesema ufanye? Nimesema lori.”

“Lori ni yangu.”

“Na ilibatizwa?”

Momanyi aliinama akapangusa vumbi la gunia kwenye suruali. Nje ndoo ziligongana kisimani.

“Chukua siku nyingine,” akasema mwishowe. “Chukua Alhamisi. Hata Jumapili.”

“Jumapili mimi nasali. Alhamisi hakuna soko.” Wanjuhi alivuta kamba ya gunia akaikaza. “Bila Jumamosi sitaki thelathini wala hamsini yako. Viazi vikioza nitakula shilingi? Danson mwenye gari la mkate ameniuliza hili banda jana. Yeye si Msabato.”

Ilikuwa tarehe ishirini na nane. Momanyi alitembea mpaka mwisho wa ploti na kurudi. Aliporudi alikuwa amepata njia, au alidhani amepata, na aliieleza taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sabato huanza Ijumaa jua likitua na kwisha Jumamosi jua likitua. Basi Ijumaa, kabla ya jua kutua, yeye atatoa lori mikononi mwake. Itakuwa ya Wanjuhi. Jumamosi jua likishatua, itarudi kuwa yake. Katikati hapo hatajua inakwenda wapi wala imebeba nini.

“Tuandike,” alisema.

“Tuandike,” Wanjuhi alikubali. Hakuona ajabu yoyote. Siku hizo alikuwa amezoea kwamba kila kitu lazima kiwe na karatasi.

Waliandika kwenye ukurasa wa daftari la Wacera: tangu Ijumaa saa kumi na moja jioni mpaka Jumamosi saa moja usiku, lori hii ni ya Wanjuhi. Momanyi alitia sahihi, akakunja nakala yake mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Nyumbani alimwambia mkewe, “Kumi na mbili.”

“Kumi na mbili? Kwa mwezi?” Nyambeki aliacha mwiko. “Huyo mama Mungu ambariki.”

Momanyi alisema amina, akaomba maji ya kunawa.

* * *

Siku ya kuingiza lori, nusu ya watu wa soko walikuja kutazama. Mbao za juu za lori zilikuwa zinapita boriti ya mlango kwa vidole vitatu. Momanyi alitoa upepo kwenye magurudumu yote manne, lakini bado.

“Mwambie ivute pumzi!” mtu alipaza sauti.

“Mpe mahari kwanza, ndiyo akubali kuingia!”

Wanjuhi alikwenda ndani, akarudi na msumeno wa Joram. Momanyi akakata ubao wa juu kila upande, huku watu wakihesabu kwa sauti kila unapoanguka. Ndipo lori ikaingia.

Ofisini karani, arap Mibei, aliisoma barua akiwa ameishika mbali na uso. “Huyu mwenye ploti, Joram. Yuko wapi atie sahihi?”

“Ametia mke wake kwa niaba yake,” Momanyi alisema.

“Nauliza Joram yuko wapi.”

Wanjuhi, aliyesimama nyuma, alijua kwamba karani anajua. Foleni nzima ilijua. “Yuko kizuizini Manyani, bwana,” alisema. “Nyinyi ndio mlimpeleka.”

“Si mimi,” karani alisema haraka, na kwa aibu akapiga muhuri mahali ambapo hapakuhitaji, kisha tena mahali panapohitaji.

Leseni ikapatikana.

* * *

Ijumaa ya kwanza Momanyi alirudi na lori saa kumi, akaiingiza bandani, akaja nyumbani kuoga. Alimpa Nyambeki ufunguo wa lori. “Mpelekee Mama Wacera. Magunia yake yako nyuma, huenda akataka isogezwe.”

Nyambeki alikwenda. Alimkuta Wanjuhi anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule, Wacera akiwa anashona mdomo wa gunia.

“Asante, mama,” Wanjuhi alisema akipokea ufunguo. “Mwambie Baba Ratemo kwamba Joab anajua kuendesha polepole. Saa kumi na mbili alfajiri tutakuwa tushapita kanisa lenu, hamtasumbuliwa na kelele.”

Nyambeki alisimama na leso yake mkononi. “Kupita kwenda wapi?”

Wanjuhi aliinua macho. Akaona mara moja kwamba ameongea na mtu asiyejua, lakini neno lilikuwa limetoka, na hakuwa mtu wa kulirudisha kwa uongo. “Chepilat. Sokoni. Hakukwambia?”

“Kesho? Sabato?”

“Kesho, mama. Kila Jumamosi.”

Nyambeki alikaa chini kwenye gunia. Wacera alitazama mama yake, akaendelea kushona.

“Kwa nini usipeleke leo?” Nyambeki aliuliza baadaye. “Leo jioni, kabla ya jua. Vilale huko, uviuze kesho.”

Wanjuhi alitoa karatasi kutoka kifuani, iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika, akamwonyesha. Nyambeki alikuwa amefika darasa la nne, akaisoma bila shida. Ilisema mwanamke huyu ana ruhusa kutoka Sotik kwenda Chepilat Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, na asilale nje. Kulikuwa na mihuri ya kila wiki pembeni, mmoja juu ya mwingine.

“Nikilala huko hata siku moja, nakamatwa,” Wanjuhi alisema. “Na viazi vikilala huko bila mwenyewe, unajua vitaamka vingapi. Joab ni mtu mzuri, lakini ni mtu.”

Jua lilikuwa limeshuka karibu na vilima. Kulikuwa bado na muda wa kudai ufunguo. Nyambeki aliutazama palipokuwa, kwenye kidole cha Wanjuhi, akafikiria lori ikiwa imetolewa nje kesho yake, na karani, na Mhindi wa Kericho. Kisha akafikiria jinsi atakavyomwambia mumewe, na akaona hakuna namna ya kumwambia ambayo haitaishia mahali pale pale.

Wanjuhi alimwekea viazi kumi hivi kwenye leso. Nyambeki alivirudisha kimoja kimoja.

“Si kwa chuki, mama,” alisema. “Ila siwezi kuvipika leo.”

Nyumbani hakusema kitu. Waliimba nyimbo za kufungua Sabato, wakaomba, kila mmoja kwa zamu. Nyambeki aliomba muda mrefu kuliko siku zote, na Momanyi hakumuuliza sababu. Ijumaa iliyofuata Nyambeki aliunyoosha mkono bila kuangaliana naye, mumewe akamtilia ufunguo kiganjani. Na Ijumaa iliyofuata tena.

* * *

Jumamosi ya tano mvua ilinyesha tangu usiku. Pale ofisini askari wa kugonga muhuri karatasi ya Wanjuhi alichelewa, hakufika mpaka saa tatu. Kwa hiyo wakati lori inapanda kilima cha kanisa, ibada ilikuwa katikati, na Mzee Mosoti, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikuwa mimbarini anasoma.

Watu walisikia injini ikilia, ikalia zaidi, kisha ikanyamaza. Mzee Mosoti aliendelea kusoma. Baada ya dakika chache mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Joab. Alikuwa mzee wa miaka hamsini, askari wa zamani aliyeendesha magari vitani Burma, na aliijua adabu: alivua kofia, akafuta miguu kwenye gunia la mlangoni, akasimama wima.

“Nisameheni sana, wapendwa,” alisema. “Mimi si wa dhehebu. Tumekwama hapo chini na matope yanavuta. Naomba wanaume sita. Si kazi, ni kusukuma tu.”

Upande wa wavulana mtu alicheka, akabanwa na mwenzake. Mzee Mosoti alifunga Biblia juu ya kidole chake.

“Ni gari ya nani, ndugu?” aliuliza.

Joab alikuwa anatafuta nyuso za wanaume wenye nguvu kwenye mabenchi, na macho yake yakamwangukia Momanyi, benchi la tatu, amevaa koti lake jeusi. Uso wa Joab ukafurahi kabisa.

“Aa! Bwana mkubwa, kumbe uko hapa! Njoo, lori yako inazama!”

Hakuna aliyecheka sasa. Vichwa viligeuka, kwanza vya wanaume, halafu vya wanawake. Nyambeki aliketi mbele upande wa wanawake, maana alikuwa kiongozi wa Dorkasi, wale akina mama wanaokusanya nguo na unga wa wagonjwa. Hakugeuka. Alisikia benchi la tatu likilia kwa uzito unaoondoka, na viatu vya mumewe vikipita kwenye saruji mpaka mlangoni.

Hakuna mwingine aliyetoka. Mzee Mosoti aliwatajia wimbo, wakaimba, na katikati ya beti walisikia sauti ya Wanjuhi huko chini ikihesabu, moja, mbili, tatu, na injini ikishika, na magurudumu yakipata jiwe. Momanyi hakurudi ndani. Alikuwa na matope mpaka mapajani.

* * *

Wazee waliketi Jumanne mchana kanisani, watano, na dada Rebeccah, karani wa kanisa, na kitabu chake na wino. Momanyi alisimama mbele yao. Nyambeki aliambiwa akae benchi la nyuma.

“Ndugu Momanyi,” Mzee Mosoti alianza. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amewafungisha ndoa, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. “Lori ni ya nani?”

“Ni yangu, mzee.”

“Siku ya Sabato?”

“Siku ya Sabato ni ya Mama Wacera.” Momanyi akatoa karatasi mfukoni, akaifungua mikunjo yote minne.

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Ilipomrudia, Mzee Mosoti aliisoma tena. “Umeandika vizuri. Saa zimekaa sawa. Mtu akiona hii atasema umeiogopa Sabato sana.”

“Nimeiogopa, mzee.”

“Basi kama ile lori ilikuwa ya yule mama, mbona wewe uliacha ibada ukaenda kusukuma lori ya mtu?”

“Mama alikuwa amekwama. Ningemsukumia mtu yeyote.”

“Mwezi wa nne jirani yetu Syprose alikwama hapo hapo na mkokoteni wa ng’ombe, tukiwa ndani. Ulimsukumia?”

Momanyi alifikiria. “Siku hiyo nilikuwa naimba.”

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. “Amri inasema,” akasema alipotulia, “wewe, na mtoto wako, na mtumishi wako, na mnyama wako.”

“Lori si mnyama.”

“Inakunywa. Inachoka. Inakuletea pesa. Dume langu la kulima halinifanyii zaidi ya hapo.”

Waliongea hivyo kwa muda, na hapakuwa na chuki ndani yake. Mwisho Mzee Mosoti alisema neno la wazee. Aitoe lori kwenye banda la Wanjuhi kabla ya Ijumaa, akae miezi mitatu bila meza ya Bwana, kisha arudi kama ndugu. Asipoitoa, jina lake litafutwa kitabuni.

“Niitoe niipeleke wapi?” Momanyi aliuliza.

Mzee Mosoti alimrudishia karatasi, naye akaikunja tena mara nne.

“Siulizi kwa ubishi. Harji anataka hamsini, na miezi mitatu mbele. Kwenye pampu hakuna mlango. Kampuni imenikataza hata geti. Nani ana mahali?”

“Tutakuombea,” Mzee Mosoti alisema. “Bwana atafungua mlango.”

“Huo mlango uwe na kufuli, mzee. Ofisi inataka kufuli.”

Hakusema kwa dharau, ndivyo ilivyokuwa. Rebeccah alikuwa ameshika kalamu hewani, hajui kama hilo huandikwa.

Mzee Mosoti alipitisha mkono usoni, akatazama nyuma. “Kuhusu mama Ratemo sisi hatuna neno. Ametutumikia miaka sita. Mtu akiugua, mguu wake ndio wa kwanza mlangoni. Hatutaki jina lake liguswe katika jambo la mume. Tunataka tu iandikwe kwamba hakujua, abaki na kazi yake.”

“Hakujua,” Momanyi alisema upesi. “Nilimwambia ni kumi na mbili, basi. Hakujua kitu.”

Rebeccah alichovya kalamu.

“Mama,” Mzee Mosoti alisema kwa upole, “useme mwenyewe, neno moja, tuandike. Ulijua?”

Momanyi aligeuka akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yanamwomba, na Nyambeki aliyaona. Alimwona pia Rebeccah, ambaye angefurahi kuandika neno dogo na kwenda nyumbani. Alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

“Nilijua, mzee. Tangu Ijumaa ya kwanza,” alisema. “Mama Wacera aliniambia, na nikaona karatasi yake ya ruhusa. Ufunguo nilikuwa napeleka mimi kwa mkono wangu. Baba Ratemo hakujua kwamba najua.”

“Mama Ratemo…”

“Rebeccah, andika. Na Ijumaa hii nitaupeleka tena.”

Mzee Mosoti aliinuka nusu kwenye kiti. “Dada, keti kwanza. Keti tuombe. Unajua unalosema?”

Nyambeki alichukua kitabu chake cha nyimbo kwenye benchi. Akapita kati ya mabenchi, upande wa wanawake na upande wa wanaume, akafungua mlango, akatoka bila kuongeza neno.